Hakuna Jina, Hakuna Habari

Zamani watu walikuja ofisini kwetu kuomba tuwatangaze. Siku hizi wanakuja kuomba tuwafute, na kwa kuwa meza yangu ndiyo iliyo karibu na mlango, wote wanaanzia kwangu. Anakuja mwalimu aliyewasifu wanajeshi wa serikali kabla mji haujapata wenyewe wapya; anataka sifa zake ziondoke. Anakuja mfanyabiashara aliyepigwa picha akikata utepe na mkubwa fulani ambaye sasa yuko Kinshasa. Binti mmoja aliomba tuondoe picha ya harusi yake mwenyewe, kwa sababu msimamizi wa bwana harusi alikuwa amevaa kombati. Nilimuuliza kama na ndoa yenyewe tuiondoe. Hakucheka, na mimi sikucheka. Nimechoka, na ninaanza na hilo ili msomaji asitegemee kwamba nitachangamka baadaye.

Naitwa Julienne. Kazi yangu ni kupandisha habari kwenye Jiwe Leo, gazeti la mtandaoni ambalo ofisi yake ni vyumba viwili vya mbao huku Katoyi. Tuko watatu. Émile anazunguka na simu akirekodi watu. Mimi nakata video, naandika, napandisha. Juu yetu yuko mkurugenzi, Papa Édouard Nsanzimana, ambaye alisoma habari redioni miaka mingi mpaka watoto wa barabarani wakawa wanamwigiza sauti.

Jiwe Leo lilizaliwa na volkano. Ile Jumamosi ya mwezi wa tano, mwaka 2021, mlima Nyiragongo ulipopasuka, mji ulikimbia kwa kufuata simu. Sauti zisizo na mwenyewe zilikuwa zikipita kwenye WhatsApp: lava imefika huku, ziwa litalipuka, gesi inakuja. Dada yake Papa Édouard, marehemu Victoire, alisikia sauti moja ya namna hiyo ikisema mtaa wao umeshafunikwa. Alikimbia na umati kuelekea Sake, akagongwa na lori njiani. Mtaa wao haukuguswa hata ukuta. Baada ya maziko Papa Édouard alimtafuta aliyerekodi ile sauti, hakumpata, na nadhani mpaka leo anamtafuta.

Ndipo akaanzisha gazeti lake kwa sharti moja: hakuna jina, hakuna habari. Kila anayeongea nasi aanze kwa kutaja jina lake, jina la baba yake, mtaa wake na avenue yake, yaani barabara anayokaa, na uso wake uonekane. Mtu asiyetaka kutajwa alipewa maji ya kunywa na kusindikizwa mlangoni. Watu waliipenda sheria hiyo. Wamama wa samaki walifunga vitambaa vya kichwa upya kabla Émile hajawasha simu. Na tulipokosea, hatukurekebisha kimya kimya. Papa Édouard aliandika taarifa ya masahihisho kwa mkono wake: tumekosea wapi, nani ametusahihisha, anakaa wapi, na tunamshukuru. Mama mmoja wa mtaa wa Himbi aliyegundua tumekosea jina la padri alitajwa hivyo, na kwa muda mrefu alitembea sokoni kifua mbele. Katika mji uliochoshwa na uvumi, lilikuwa jambo kubwa. Mimi pia nilijivunia, sitaki kudanganya.

Kisha, mwanzoni mwa mwaka 2025, waasi wakauchukua mji. Neno hilo, waasi, naliandika hapa kwa sababu hapa si Jiwe Leo. Zile siku za risasi sitazieleza. Aliyekuwepo anazijua na asiyekuwepo atanisamehe. Baada ya hapo mashirika yaliyokuwa yakitupa matangazo yalifunga milango, benki zikafunga, wenzetu wengi wa kazi wakatawanyika. Mega za intaneti za kupandisha video tukawa tunazinunua kwa kujinyima chakula cha mchana. Wenye mji wapya walituita mkutanoni wakatueleza maneno ambayo hawataki kuyaona. Siku ileile mtu akapiga simu kutoka Kinshasa, akatuambia tukiwaita hao "viongozi" basi sisi ni wasaliti na tutakuja kujibu. Tukabaki na bei ya maharage, mvua, mpira wa mitaani na maji ya bomba. Hata maji yalitushinda. Ukiandika yamekatika, huyu anauliza unamlaumu nani, na yule anauliza kwa nini humlaumu.

Lakini kufuta, Papa Édouard alikataa. Aliniambia niwajibu wote kwa adabu kwamba Jiwe Leo halifuti kilichosemwa kweli. Basi nikakaa pale mlangoni siku nzima nikiwanyima watu kitu ambacho ningeweza kuwapa kwa kidole kimoja.

Clotilde Niyitegeka alikuja asubuhi ya mvua, ametoka Kibati, kijiji cha chini ya mlima, kwa miguu, viatu kaviweka kwenye mfuko wa plastiki visiharibike. Nilimjua mara moja. Lava ya 2021 ilikula nyumba yake, na alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuongea na Émile, amesimama juu ya jiwe lililokuwa bado lina joto. Alijenga tena, juu kidogo ya pale pa zamani. Halafu, mji ukiwa bado haujachukuliwa, waasi wakaja Kibati kwa mara ya kwanza, akakimbilia kambi ya waliokimbia vita huko Kanyaruchinya, na huko Émile akamrekodi tena. Kambi zilipovunjwa akarudi kwake, akapanda maharage.

Ile video ya pili ndiyo iliyomleta. Alisimulia jinsi wapiganaji wa waasi walivyoongozwa mpaka mlangoni kwa kaka yake Gisubizo, mchungaji wa ng'ombe, na jinsi walivyomchukua na mifugo yake, akapatikana siku kadhaa baadaye bondeni, amekufa. Émile aliuliza, kama sheria ilivyotaka, ni nani aliyewaongoza. Naye akasema: ni Henri, jirani yetu. Video hiyo haikutazamwa na watu wengi. Wiki ile kila kambi ilikuwa na video yake.

Sasa Henri amerudi Kibati, na wenye mji wapya wamemfanya chefu wa avenue, msimamizi wa watu wote wa barabara ile. Kila asubuhi anapita mbele ya kwa Clotilde, anamsalimia kwa Kinyarwanda kizuri, anauliza hali ya watoto.

"Hajaiona," Clotilde aliniambia. "Telefone yake ilikuwa ya bouton tu. Lakini sasa wamemupatia ya kugusa, na mutoto wake anamufundisha. Mama Julienne, minaomba muifute mbele hajafika pale."

Nilimpeleka chumba cha ndani. Papa Édouard alimpa kiti chake mwenyewe, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akamweleza kwa ile sauti yake ya redio kwa nini haiwezekani. Hakuna polisi aliyeandika kifo cha Gisubizo, alisema. Hakuna mahakama. Mahali pekee duniani jina lake lilipo, na jina la aliyemuuza, ni pale kwetu. Tukilitoa, kesho Henri atasema Gisubizo alikwenda Uganda akaoa.

Nakiri hoja yake ilikuwa na uzito. Hilo ndilo lililonikasirisha zaidi.

Clotilde alipangusa matope kwenye kisigino kwa ncha ya kitenge. Halafu akasema, bila kuinua sauti:

"Papa, kaka yangu miye niko namukumbuka. Yeye hana haja na internet. Miye ndiye niko nalala nyumba ya pembeni na Henri."

Papa Édouard alimwambia atafikiria. Nilimtoa nje, nikamsimamisha chini ya bati, nikaandika namba yangu nyuma ya karatasi ya sabuni. Nilimwambia asirudi tena mwenyewe, njia ile ina macho. Aliondoka peku.

Nilirudi ndani nikafunga mlango, na nikamwambia mkurugenzi wangu mambo ambayo mtu hamwambii muzee. Nilimwambia kwamba anamlipizia kisasi marehemu Victoire kwa migongo ya watu wengine. Nilimwambia hayo majina anayoyapenda yana shingo, na shingo hukatwa. Nilimwambia kama video ile haitoki, mimi natoka, atafute mwingine wa kukaa mlangoni na kusema hapana. Émile alikuwa kwenye kona akijifanya anasafisha kioo cha simu. Papa Édouard hakunikaripia. Alivua miwani, akayafinya macho, akaonekana mzee kuliko nilivyowahi kumwona.

"Toa," alisema. "Itoe, Julienne. Uko na haki."

Niliitoa palepale kabla hajabadilisha mawazo. Nikaitoa kwenye ukurasa wetu, nikaitoa kwenye chaneli ya video, nikatafuta jina la Clotilde mpaka likawa haliji na kitu. Nikampigia. Alishukuru kwa Kiswahili, kisha kwa Kinyarwanda. Jioni ile nilinunua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, nikawakaangia watoto wangu, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi nikasema kazi yangu imemfaa mtu.

Kesho yake nilikuwa nyuma ya pikipiki nikienda kazini wakati simu ilipoanza kutetemeka mfukoni na isiache. Nilipoifungua niliona makundi yote ya WhatsApp yana ujumbe mmoja, umetoka kwa Papa Édouard mwenyewe, ameandika alfajiri nyumbani kwake. Nilimwambia dereva asimame. Nilisoma nimesimama kando ya barabara, vumbi jeusi likinipanda miguuni.

"Taarifa ya masahihisho. Jiwe Leo linawajulisha wasomaji wake kwamba, kwa ombi la Mama Clotilde Niyitegeka, mkaaji wa Kibati, limeondoa video ambamo alieleza mazingira ya kifo cha kaka yake Gisubizo. Video haikuwa na uongo wowote. Imeondolewa kwa ajili ya usalama wake. Tunamshukuru kwa imani yake kwetu. Édouard Nsanzimana, mkurugenzi."

Niliisoma tena nikitafuta mahali ambapo labda nimeelewa vibaya. Hapakuwepo. Alikuwa amefanya kama alivyofanya kila siku tangu volkano, kwa uaminifu, kwa adabu, na nukta zote mahali pake. Nilitaka kumtukana nikashindwa kupata tusi. Chini ya ujumbe wake watu walikuwa wameshaanza kuuliza: video gani? Nani anayo? Mtu nisiyemjua, bila jina, na picha ya ua mahali pa uso wake, akajibu kwamba yeye anayo, alikuwa ameihifadhi tangu wakati ule. Akaiweka. Kabla sijafika Katoyi ilikuwa imetazamwa mara nyingi kuliko kila kitu tulichowahi kupandisha.

Namba ya Clotilde haikupatikana.

Ofisini nilimkuta Papa Édouard anakunywa chai. Alikuwa mtulivu, hata na furaha kidogo, kama mtu aliyemaliza kazi ngumu bila kuvunja heshima yake. Niliweka simu mbele yake. Alisoma maswali, akaiona video, akamsikia Clotilde akisema ni Henri, jirani yetu. Akaweka kikombe chini. Aliniuliza kwa nini sikumkumbusha, na mimi nikamuuliza tangu lini mtu anakumbushwa kwamba moto unaunguza. Kisha nikarudi mezani kwangu.

Émile alikwenda Kibati, ingawa nilimkataza. Alirudi mchana. Mlango wa Clotilde ulikuwa umefungwa kwa waya, na kuku walikuwa wanatembea ndani ya maharage. Jirani wa upande wa pili, mama mzee, alimwambia kwa kunong'ona kwamba Clotilde aliamshwa na simu ya mtu wa kanisa lake, akachukua watoto na sufuria moja akashika njia ya Rutshuru. Henri alikuwa amesimama uani kwa Clotilde. Alimsalimia Émile kwa upole, akamuuliza kama yeye ndiye mwandishi, akasema anapenda sana jinsi tunavyofanya kazi. Alitaka kujua tu Mama Clotilde atarudi lini, maana yeye kama chefu ana wajibu wa kujua watu wake waliko. Simu ya kugusa alikuwa nayo mkononi. Émile alitusimulia hayo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa hajarekodi chochote.

Siku zilizofuata tuliendelea kupandisha bei za maharage. Watu wa kuomba kufutwa hawakuja tena. Walipita upande wa pili wa barabara, na mwalimu yule wa sifa aliponiona sokoni alijifanya anachagua vitunguu. Sikumlaumu. Ofisi iliyotafutwa na watu wenye hofu imekuwa ofisi inayoogopwa nao, na hakuna aliyetufunga, tulijifunga wenyewe. Wenye mji hawakutugusa wala kutuita. Nadhani walifurahi.

Papa Édouard hakula vizuri. Aliandika, akafuta, akaandika. Mwishowe aliniletea karatasi, akaniomba niipandishe. Ilikuwa taarifa ya masahihisho, ndefu kuliko zote. Alisema yeye, Édouard Nsanzimana, mwana wa fulani, wa Katoyi, avenue fulani, ndiye aliyemweka mama mmoja hatarini kwa uzembe wake, si mwingine, na anamwomba radhi mbele ya mji wote. Na jina la mama lilikuwa pale, mstari wa tatu, kamili, na Kibati yake.

Nilimwonyesha kwa kidole. Aliufuata mstari kwa kidole chake.

"Basi niombe musamaha namna gani?" aliniuliza. Sauti ya redio haikuwemo. Lilikuwa swali la kweli, la mtu asiyejua.

 Hasira yangu kwake, niliyokuwa nimeitunza vizuri, iliniishia palepale, na nilichukia kuishiwa nayo kwa sababu huruma inachosha zaidi. Nilimwambia aipasue. Aliipasua vipande vidogo, akaviweka mfukoni badala ya kuvitupa, na tukarudi kila mtu kwenye meza yake.

Clotilde alipiga yeye mwenyewe, mchana mmoja wa jua kali, kwa namba ya Uganda. Amevuka Bunagana, alisema, yuko mbali kidogo na mpaka, kwa watu. Watoto wanakohoa lakini wako wazima. Aliongea haraka kwa sababu simu si yake. Alitaka nimwambie yule mama mzee avune maharage yale, ale, asiyaache yaozee shambani. Hakunilaumu. Nilimngojea anilaumu, na hakunilaumu, na machozi yalinitoka mbele ya Émile bila aibu. Nikamwambia kuna mtu hapa anataka kuongea naye. Akasema sawa.

Nilimpelekea Papa Édouard simu. Alisimama kuipokea, akafunga kifungo cha koti, akajisafisha koo kama enzi zile kabla ya taa nyekundu kuwaka studio.

"Mama Clotilde Niyitegeka," alianza, "ni mimi Édouard—"

"Papa," akamkatiza. Spika ya simu ile ni mbovu, husikika chumba kizima. "Usiniite vile. Huku niko na jina ingine."

Nilimwona akifungua mdomo. Kwa miaka hii yote hakuna mtu aliyemwambia Papa Édouard neno kuhusu jina asiulize ni lipi, limeandikwaje, la baba ni lipi. Aliufunga tena. Akaishika simu kwa mikono miwili.

"Ni vizuri, mama," alisema. "Usiniambie."